Jinsi ya Kuchora Ramani ya Topografia ya Korongo la Jangwani: Mfano wa Rio Grande, New Mexico

Korongo lililokatwa kwenye jangwa la nyanda za juu humpa mchora ramani nchi mbili katika karatasi moja. Nchi ya kwanza ni uwanda: vichaka vifupi, vilima vya volkeno vilivyotawanyika, na ardhi unayoweza kuitembea nusu siku mwinuko ukibadilika kidogo tu. Ya pili ni shimo lenye kuta za mwamba na mto chini yake. Zinapokutana ndipo penye ukingo, na kwa maoni yangu ukingo ndio ramani yenyewe. Ukiupata sawasawa, mengine yote yanarekebishika. Ukiukosea, mtu atakayeifuata ramani yako gizani au kwenye ukungu yumo hatarini. Ndiyo maana mwongozo huu unaupa uwanda muda mfupi na kuweka nguvu ukingoni na ukutani.

Mfano ninaoutumia ni korongo la Rio Grande karibu na mji wa Taos, kaskazini mwa New Mexico, Marekani. Nimelichagua kwa sababu data zake za mwinuko ni nzuri sana na mtu yeyote mwenye intaneti anazipakua bure, awe Dodoma au Muscat. Isitoshe, ardhi yake si ngeni kwetu. Rio Grande inafuata bonde la ufa, nchi inayovutwa pande mbili hadi inapasuka na kutoa lava, sawa na bonde linalobeba Naivasha, Natron na Manyara.

Ijue ardhi kabla ya kufungua kompyuta

Uwanda wa Taos uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Umetandikwa basalti iitwayo Servilleta, lava iliyomwagika awamu kwa awamu kati ya miaka milioni 5 na milioni 3 hivi iliyopita. Kati ya tabaka moja la lava na jingine kuna changarawe na mchanga ulioletwa na mito ya zamani. Kukatwa kwa korongo kulikuja baadaye sana, miaka laki nne na ushee iliyopita, baada ya ziwa kubwa lililokuwa Colorado kufurika na kujifungulia njia kuelekea kusini. Penye kina kirefu zaidi, kutoka ukingoni hadi majini ni kama mita 240.

Historia hiyo inakuambia ukuta utakuwa na sura gani. Basalti ni ngumu, kwa hiyo husimama wima. Changarawe iliyo chini yake ni laini, kwa hiyo humomonyoka. Matokeo yake ni ngazi: mwamba wima, kisha mteremko wa mawe yaliyoporomoka, kisha mwamba wima tena. Baina yake kuna vibaraza vyembamba, na njia za miguu zinapita humo humo kwenye vibaraza. Ramani inayoonyesha ukuta kama mteremko mmoja laini imewanyima watembeaji kitu walichokuwa wanakitafuta.

Kusini zaidi, kuelekea Pilar, korongo hupanuka. Huko mabonge makubwa ya basalti yameteleza juu ya udongo laini, na mengine yameinama kurudi upande wa ukuta, yakaacha mashimo madogo nyuma yake. Kumbuka mashimo hayo, tutayarudia.

Hatua ya 1: Amua mipaka na skeli

Usianze na korongo zima. Chukua kipande cha kilomita 10 hivi, kwa mfano eneo la daraja la barabara kuu namba 64, au eneo la Wild Rivers ambako mto Red River unaingia Rio Grande. Ramani za kawaida za USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, ziko kwenye skeli ya 1:24,000, na karatasi moja hubeba dakika 7.5 za latitudo kwa dakika 7.5 za longitudo. Katika eneo la Taos hiyo ni sawa na kilomita 14 kwa 11 hivi.

Piga hesabu ifuatayo kabla ya kuamua. Chukua kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa, za kila mita 10 kwenye skeli ya 1:24,000:

- Kwenye uwanda wenye mteremko wa digrii 1, kontua mbili zinaachana mita 573, yaani milimita 24 kwenye karatasi. Uwanda utaonekana mtupu.
- Kwenye mteremko wa mawe yaliyoporomoka, digrii 35, zinaachana mita 14, yaani milimita 0.6. Hapo zinasomeka vizuri.
- Kwenye mwamba wa mita 30 wenye digrii 80, urefu wote huo unakaa ndani ya mita 5.3 za upana, yaani milimita 0.22. Kontua tatu zinageuka mstari mmoja mnene.

Hakuna nafasi moja ya kontua itakayofaa pande zote tatu. Ukilikubali hilo mapema, hutapoteza jioni nzima ukijaribu mita 5, mita 8, mita 12. Ushauri wangu kwa anayeanza ni skeli ya 1:10,000, kontua za mita 10, na matibabu maalumu ya uwanda na ukuta yanayoelezwa hapo chini.

Hatua ya 2: Pata data

Nenda kwenye tovuti ya The National Map ya USGS. Mpango wao wa 3DEP hutoa data za mwinuko za aina mbili zinazotufaa. Moja ni gridi ya theluthi moja ya sekunde ya digrii (si ya saa), ambayo pikseli yake ni kama mita 10. Nyingine ni gridi ya mita 1 iliyotokana na laida, yaani vipimo vya miale ya leza vilivyopigwa kutoka kwenye ndege. Kipande kimoja cha gridi ya mita 1 kina ukubwa wa kilomita 10 kwa 10, pikseli milioni 100, kwa hiyo anza na ya mita 10 kwa mazoezi kabla hujamaliza bando. Ukishaona utaratibu wako unakubali, ndipo upakue ile nzito.

Pakua pia mawingu ya nukta za laida za eneo lako, yaani nukta moja moja zilizopimwa kabla ya kugeuzwa gridi, mafaili ya LAZ. Wengi huyaruka kwa sababu ni makubwa. Kwenye korongo ni lazima uwe nayo, kwa sababu gridi huficha tofauti kati ya kilichopimwa na kilichokisiwa. Na kwa kulinganisha, chukua ramani za zamani zilizoskaniwa, zinapatikana bure pia. USGS walianza kupima maji ya mto huu huu huko Embudo, kusini-magharibi mwa Taos, mwaka 1889, kituo chao cha kwanza cha aina hiyo nchini Marekani. Kumbukumbu za eneo hili zina kina.

Programu: QGIS inatosha kwa kazi yote, nayo ni ya bure. Inakuja na GDAL, mkusanyiko wa zana za data za ramani, ambao amri zake nazitaja hapa kwa sababu ni fupi na unaweza kuzirudia bila kukosea.

Hatua ya 3: Panga koodineti na urefu

Weka kila kitu kwenye UTM, mfumo wa koodineti za mita, zoni 13 kaskazini, datumu NAD83. Datumu ni msingi ambao vipimo vya mahali au vya urefu huanzia. Namba yake ya EPSG, orodha ya mifumo ya koodineti, ni 26913. Gridi ya mita 1 huja ikiwa hivyo tayari. Ile ya mita 10 huja kwa digrii, na ukiitengenezea vivuli au mteremko kabla ya kuibadilisha utapata upuuzi, maana upana utakuwa kwa digrii na urefu kwa mita. Ibadilishe hivi:

gdalwarp -t_srs EPSG:26913 -tr 10 10 -r bilinear chanzo.tif korongo10.tif

Urefu wa data za 3DEP unatumia datumu ya wima ya NAVD88. Ramani za zamani zinatumia iliyoitangulia, NGVD29, na tofauti katika eneo hili ni karibu mita moja. Upande wa ulalo tofauti ni kubwa zaidi: ramani iliyochorwa kwa datumu ya zamani ya NAD27, gridi yake ya UTM imesogea kama mita 200 kaskazini-kusini ikilinganishwa na NAD83. Mita 200 ni zaidi ya nusu ya upana wa korongo lenyewe penye daraja. Mtu akichanganya datumu hapa, anaupandisha mto juu ya ukuta.

Ramani za zamani pia huandika urefu kwa futi. Zidisha kwa 0.3048, na ubadilishe mara moja tu, mwanzoni.

Hatua ya 4: Ikague laida kwa jicho la shaka

Hapa usiwe na haraka. Laida ya kiwango cha kawaida cha 3DEP inatakiwa iwe na kosa la wima lisilozidi sentimita 10 hivi, lakini kipimo hicho ni cha ardhi wazi na tambarare. Ukutani kosa la ulalo hugeuka kosa la wima. Nukta ikisogea nusu mita tu kwenye mwamba wa digrii 80, urefu wake unakosea kwa karibu mita 2.8. Anayeandika kwenye ramani yake kwamba usahihi ni sentimita 10 kila mahali anasema kweli kwa uwanda na uongo kwa korongo.

Tatizo la pili ni kivuli. Leza inapopigwa kwa pembe ya digrii 20 kutoka wima, mwamba wa mita 30 uliosimama wima unaficha mita 11 za ardhi iliyo nyuma yake. Ndege ikipita mara ya pili upande mwingine, pengo huzibwa. Isipopita vizuri, kompyuta hukisia. Fungua wingu la nukta, chuja nukta za kundi namba 2, ambalo ndilo ardhi, kisha tazama mahali nukta zinapokuwa haba chini ya miamba. Zungushia maeneo hayo poligoni na uyaite «mashaka». Utayahitaji ukienda kuhakiki.

Tatu, maji. Leza ya kawaida haioni chini ya mto. Unachopata ni uso wa maji wa siku ile ndege ilipopita, na penye maporomoko povu hurudisha nukta ovyo. Chora mstari wa mto kwa mkono juu ya picha ya angani, kisha angalia mwinuko wake kutoka juu kwenda chini: ukipanda hata mara moja, kuna kosa la kurekebisha.

Na yale mashimo nyuma ya mabonge yaliyoteleza? Programu nyingi zina zana ya kujaza mashimo ili maji yatiririke vizuri kwenye hesabu. Usiitumie kwenye gridi ya kuchorea kontua. Mashimo yale ni ya kweli, na ndiyo yanayomwambia msomaji kwamba mlima uliteleza hapo. Yaonyeshe kwa kontua zilizofungwa zenye vijimeno vinavyotazama ndani.

Hatua ya 5: Lainisha uwanda, uache ukingo

Kontua zitokazo kwenye gridi ya mita 1 hutetemeka uwandani kwa sababu zinafuata kila kichaka na kila mfereji. Kishawishi ni kulainisha gridi yote. Ukifanya hivyo umeuviringisha ukingo, na mwamba umekuwa kilima. Fanya hivi badala yake:

Tengeneza gridi ya mteremko (korongo.tif ni gridi yako ya mwinuko): gdaldem slope korongo.tif mteremko.tif

Toa maeneo yote yanayozidi digrii 25, kisha yatanue kwa mita 15 kila upande. Hilo ndilo eneo la hifadhi. Nje yake, lainisha gridi kwa wastani wa pikseli 11 kwa 11 au zaidi. Ndani yake, acha data kama zilivyo. Unganisha mbili hizo kwa kikokotoo cha rasta, yaani zana ya QGIS ya kufanya hesabu kwenye gridi, na uite matokeo laini.tif. Kagua mahali zinapoungana, maana hapo ngazi bandia hupenda kujitokeza. Ukiiona, ongeza upana wa eneo la hifadhi.

Kutoka kwenye gridi hiyo hiyo ya mteremko chora mstari wa ukingo kama kitu cha kujitegemea. Fuata mahali ambapo mteremko unaruka kutoka digrii chache hadi zaidi ya 45 ndani ya mita chache. Kompyuta itakupa rasimu. Wewe umalize kwa mkono ukiwa na kivuli cha mwinuko chini yake. Mara nyingi utapata kingo mbili au tatu sambamba, moja kwa kila tabaka la basalti. Zichore zote.

Hatua ya 6: Kontua

gdal_contour -f GPKG -a mwinuko -i 10 laini.tif kontua.gpkg

Kila kontua ya tano iwe kuu, nene kidogo, na iandikwe urefu wake. Uwandani ongeza kontua za nyongeza za kila mita 2 kwa mistari ya vidoto, ukizikata zinapofika ukingoni. Ukutani, penye zaidi ya digrii 60, ficha zile za kawaida na ubakishe kontua kuu za mita 50 tu, kisha weka alama ya mwamba: mstari wa ukingo wenye vijistari vinavyoelekea chini. Kwenye 1:10,000 kontua kuu mbili kwenye mwamba wa digrii 70 zitaachana milimita 1.8, nafasi ya kutosha kwa jicho.

Hatua ya 7: Kivuli

Mwanga wa kawaida wa programu hutoka kaskazini-magharibi, digrii 315, ukiwa digrii 45 juu ya upeo. Korongo hili linaelekea kaskazini-kusini, kwa hiyo ukuta unaotazama mashariki utakuwa mweusi tii na vibaraza vyake vyote vitapotea. Tumia mwanga wa pande nyingi:

gdaldem hillshade -multidirectional laini.tif kivuli.tif

Uweke kwa uwazi wa asilimia 60 au 70 chini ya kontua za kahawia. Basi. Rangi za mwinuko za kijani hadi nyekundu ziache. Kijani kwenye jangwa humdanganya msomaji kwamba kuna majani.

Hatua ya 8: Kwenda kuhakiki

Ukibahatika kufika, nenda na orodha ya yale maeneo ya mashaka. Eneo la Wild Rivers lina njia zinazoshuka hadi mtoni, kama La Junta na Big Arsenic, na kila moja inakukatia ukuta wote kutoka tabaka la juu hadi maji. Andika urefu wa kila mwamba, upana wa kibaraza, na mahali njia inapopenya.

Simu au GPS ya mkononi iamini ukingoni, uitilie shaka chini. Penye korongo la kina cha mita 180 na upana wa mita 350, mtu aliyesimama katikati ya sakafu haoni setilaiti yoyote iliyo chini ya digrii 46 upande wa mashariki wala wa magharibi. Zinazobaki zimejipanga kaskazini-kusini kufuata korongo, na kwa sababu hiyo kosa kubwa huangukia mashariki-magharibi, yaani kukuvuka kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Rekodi kila nukta kwa dakika kadhaa, na upige dira kwenye kilele unachokijua ukingoni. Kumbuka sumaku hapo inaelekea kama digrii 8 mashariki ya kaskazini halisi. Kumbuka pia kwamba urefu ghafi wa GPS ni wa elipsoidi, umbo laini la kihesabu la dunia. Katika eneo hili unapishana na NAVD88 kwa kama mita 20.

Kuhusu droni: sheria ya Marekani ni mita 120 juu ya ardhi iliyo chini ya chombo. Ukiirusha ukingoni ikiwa mita 10 tu juu ya kichwa chako na ukaipeleka katikati ya korongo, tayari iko mita 190 juu ya mto. Ardhi hii ni sehemu ya Rio Grande del Norte, eneo la kitaifa lililotangazwa mwaka 2013, na lina kondoo mwitu na ndege wawindaji wanaozaliana kwenye miamba. Omba kibali na maelekezo kwa ofisi husika kabla ya kufunga safari. Kuanzia Julai hadi Septemba mvua za radi huja alasiri; saa saba mchana uwe umeshatoka ukingoni.

Hatua ya 9: Jipime kwa daraja

Daraja la Rio Grande lilifunguliwa mwaka 1965, na urefu wake kutoka majini huchapishwa kwa namba tofauti: futi 650, futi 600, futi 565. Ni jaribio zuri. Gridi ya ardhi haitakuwa na daraja, kwa kuwa madaraja huondolewa. Rudi kwenye wingu la nukta, tafuta nukta za sitaha, ambazo kwa mfumo mpya wa LAS, muundo wa mafaili ya laida, ni kundi namba 17, au uzitambue kwa jicho zikielea juu ya pengo. Chukua wastani wa urefu wake katikati, utoe urefu wa uso wa maji ulio moja kwa moja chini. Andika jibu lako pamoja na tarehe ya laida na kama ulipima juu ya lami au chini ya chuma.

Hatua ya 10: Maandishi ya pembeni

Skeli kwa mstari na kwa namba, datumu ya ulalo na ya wima, nafasi ya kontua, tarehe ya laida, mshale wa kaskazini na wa sumaku pamoja na mwaka wake. Kisha ongeza mchoro mdogo wa maeneo ya mashaka. Wachora ramani wengi huona haya kuuweka. Mimi naona bila huo ramani ya korongo haijakamilika.

Ukitaka kufanya hivi nyumbani

Kwa korongo la Olduvai, lenye kina cha mita 90 hivi, utaratibu ni ule ule, ila UTM ni zoni 36 kusini, na ramani za serikali za 1:50,000 zinatumia datumu ya Arc 1960. Shida ni data. Gridi za bure za dunia nzima, kama SRTM na Copernicus, zina pikseli ya mita 30. Mteremko hukokotolewa kwa kuruka pikseli mbili, yaani mita 60; mwamba wima wa mita 30 utasomeka kama mteremko wa digrii 27, kitu cha kupanda na mbuzi. Kwa hiyo usitoe ukingo kwenye gridi hiyo kamwe. Uchore kwa mkono kutoka picha za setilaiti zenye ubora mkubwa, tumia gridi kwa uwanda peke yake, na urefu wa kuta ukaupime kwa miguu, kwa utepe na klinomita (kipima pembe ya mteremko), kwa idhini ya mamlaka ya hifadhi.